Watoto wanne wa mama mmoja: shajara ya saa zangu za marubani

Jumapili, 12 Januari 2025

Imefika jana. Bahasha ngumu, ndani yake kiboksi cha plastiki, ndani ya kiboksi saa imefungwa kwenye soksi ya mtoto. Soksi safi, sikatai. Nimelipa pauni 1,450 kwa kitu kilichofungwa soksi. Mke wangu aliangalia soksi, akaniangalia mimi, akarudi jikoni.

Kwa atakayesoma bila kujua mradi wenyewe: nakusanya kronografu, yaani saa za mkono zenye kipima muda, walizopewa marubani na waongoza njia wa ndege wa Uingereza miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jeshi liliandika masharti yake, na majina manne yakapokezana kuleta saa: Hamilton, CWC, Newmark na Precista. Ukiziweka mezani ni watoto wa mama mmoja. Uso mweusi, namba nyeupe, visaa viwili vidogo, cha kushoto sekunde za kawaida na cha kulia dakika 30 za kupimia. Bodi imevimba upande wa kulia kama mtu aliyeweka embe mfukoni. Uvimbe huo unakinga vitufe viwili na kichwa cha kutilia ufunguo visigonge kitu ndani ya ndege. Ndani kuna mashine ya Uswisi, Valjoux 7733, vito 17, mapigo 18,000 kwa saa. Hakuna betri. Seiko za betri ziliingia jeshini mwaka 1984, na hapo ndipo mradi wangu unapokoma. Sizichukii, ila bajeti ina mwisho.

Hamilton ninayo tangu mwaka juzi. Hii ya soksi ni CWC. Newmark na Precista bado.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nilikaa na lenzi jichoni kusoma mgongo wa saa. Saa za kijeshi husomwa mgongoni kwanza. Uso unaweza kukudanganya, mgongo umepigwa chapa.

Mstari wa juu: mshale mpana wa serikali ya Uingereza, ule wa mistari mitatu kama unyayo wa kuku. Chini yake 6BB, yaani Jeshi la Anga. Ingekuwa ya Jeshi la Majini ingesoma 0552. Kisha 924-3306, namba ya stoo ya aina hii ya saa. Kisha namba ya saa yenyewe, alama ya mkwaju (/), na tarakimu mbili za mwaka.

Tarakimu zenyewe ni 70.

Nikatoa lenzi, nikafuta jicho, nikasoma tena. Sabini. CWC ilianzishwa mwaka 1972, na Ray Mellor, aliyekuwa akiongoza Hamilton hapa Uingereza. Kwa hiyo mgongo huu ulizaliwa miaka miwili kabla ya kampuni iliyoandikwa usoni. Huu ni mgongo wa Hamilton kwenye mwili wa CWC. Bodi ni zilezile, mifuniko inaingiliana bila kulalamika.

Nilimwandikia muuzaji. Kajibu kwamba aliinunua hivyohivyo na kwamba picha ya mgongo ilikuwepo kwenye tangazo. Picha ilikuwepo kweli. Niliiangalia usiku wa manane baada ya zamu, nikaona mshale mpana, nikaona 6BB, moyo ukanidunda nikabonyeza. Tarakimu mbili za mwisho sikuzisoma. Kosa ni langu, naliandika hapa ili nisilirudie kwenye Newmark.

Jumapili, 19 Januari

Nimempigia mjomba Tanga kwa video. Mjomba alikuwa fundi saa Ngamiani zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na sanduku la kioo, kiti kimoja, na mimi nimekaa pembeni juu ya debe nikimshikia kibiriti. Seiko 5 alikuwa akizifungua huku anasimulia habari za mpira.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Hiyo ndiyo saa ya ndege? Mbona ina tumbo?”

Nikamweleza habari ya mgongo na uso. Hakushtuka. Akasema yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa kuvua mgongo wa saa moja na kuivisha nyingine, na wateja walishukuru. Halafu akauliza saa inafuata majira? Nikasema sijui, sijaipima, nilikuwa nahangaika na namba.

“Basi hujaanza kazi. Iweke sikioni. Usiifungue kabla hujaisikiliza.”

Nikaiweka kwenye sikio langu, kisha kwenye simu. Akafumba macho. “Inachechemea,” akasema. Kweli, tik-tak yake haikuwa sawa: tik, tak kwa haraka, kimya kidogo, tik, tak. Kama mtu mwenye kiatu kimoja kifupi. Nikabonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu ukaanza kukimbia. Ulipomaliza mzunguko wa kwanza, kisaa cha dakika hakikusogea. Mzunguko wa pili kikaruka mara moja. Wa tatu kikalala tena.

Mjomba akasema akrabu haina kosa, kosa liko chini yake. Yeye bado anasema akrabu, sisi wengine tumehamia kwenye mshale.

Jumamosi, 1 Februari

Nimefungua. Nimepiga picha kila hatua, na nyingine nyingi zisizo na maana.

Picha namba 4: mpira wa kuzuia maji umeyeyuka ukawa lami. Nusu imeganda kwenye mgongo, nusu kwenye bodi. Nimeikwangua kwa kijiti cha mbao, siyo chuma. Ilinuka kama barabara ya Tanga saa nane mchana.

Picha namba 6: upande wa ndani wa mgongo kuna alama tatu zilizochorwa kwa sindano, ndogo kiasi kwamba bila lenzi ungedhani ni mikwaruzo. Ni alama za mafundi. Fundi akimaliza saa huandika tarehe au ishara yake humo ndani, ikirudi ajue ni yeye aliyeigusa mwisho. Moja inasomeka 7/83, nyingine 3/91, ya tatu imefifia.

Mashine yenyewe haina kutu. Mafuta yamekauka rangi ya chai ya rangi. Pale kwenye magurudumu ya kronografu mtu alipaka grisi kwa moyo mkunjufu, mahali pasipotakiwa hata tone. Nadhani ndiyo sababu ya kisaa cha dakika kulala.

Jambo moja la kufurahisha: vyuma vya kufungia mkanda ni vile vya asili, vimechomelewa kwenye bodi, havitoki. Rubani asipoteze saa kwa sababu ya kipini kuchomoka. Ndiyo maana mkanda wake ni wa kupitisha, ule wa nailoni ya kijivu. Askari aliupata kwa kujaza fomu ya stoo G1098, na mpaka leo wauzaji wanauita G10. Wa kwangu niliununua pauni 12 na sikujaza fomu yoyote.

Jumamosi, 15 Februari

Leo kazi ya mezani hakuna, nimekwenda Cosford kwenye jumba la makumbusho la Jeshi la Anga. Kutoka Coventry ni treni mbili na stesheni iko karibu na uwanja. Wana ndege zote tatu za V zilizobeba mabomu ya nyuklia wakati wa Vita Baridi: Valiant, Victor na Vulcan. Nilisimama chini ya bawa la Vulcan mpaka shingo ikauma.

Nilitaka kuelewa mkononi, siyo kichwani, mshale ule mrefu ulikuwa wa nini. Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya chai. Ndege ya kivita ikiruka chini chini kwa noti 420, yaani maili 420 za baharini kwa saa, inakula maili 7 za baharini kila dakika. Ndiyo maana noti 420 zinapendwa, hesabu inagawanyika vizuri kichwani. Maili 7 hizo ni karibu kilomita 13. Rubani anapita juu ya daraja, anabonyeza kitufe. Ramani inasema mlima uko dakika 4 mbele, kisha kata kushoto. Saa yake ikikosea sekunde 5, amekosea zaidi ya kilomita moja, na bondeni kilomita moja ni ukuta wa mlima. Hakuna muda wa kutafuta namba. Anatazama mshale mweupe kwenye uso mweusi nusu sekunde, basi.

Kwa hiyo kile kisaa cha dakika kinacholala siyo kasoro ndogo. Ukisahau umeshamaliza mizunguko mitatu au minne, kisaa ndicho kinachokukumbusha.

Pembeni: wanajeshi wa anga hutumia saa ya Greenwich popote walipo, wanaiita Zulu. Nikamkumbuka mama. Alikuwa na saa ndogo ya ukutani iliyowekwa saa za redio, naye akiisoma kwa kutazama namba ya upande wa pili. Mshale ukiwa kwenye saba, mama anasema saa moja. Hakuwahi kukosea, na hakuwahi kukubali kuigeuza.

Jumapili, 9 Machi

Ramadhani. Mchana mikono inatetemeka, siwezi kushika kibano. Saa iko mezani chini ya kifuniko. Sigusi mpaka baada ya Idi.

Usiku baada ya tarawehe nasoma. Nimezama kwenye saa za Wafaransa, zile za Type 20 za miaka ya 1950. Masharti yao yalikuwa makali: isikosee zaidi ya sekunde 8 kwa siku, iende saa 35 bila kutiwa ufunguo tena, na kitufe kistahimili kuanzisha na kusimamisha mara 300. Pia ilikuwa na kitu ambacho zangu hazina: ukibonyeza kitufe cha chini wakati mshale unakimbia, unarudi sifuri na kuanza upya palepale, kwa mbonyezo mmoja. Kwangu unasimamisha, unarudisha, unaanzisha. Mibonyezo mitatu. Breguet, Dodane, Auricoste, Airain walizitengeneza. Na Vixa, ambazo ndani yake zina mashine za Hanhart za Ujerumani, zilizokuja Ufaransa kama fidia ya vita.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni migongo yake. Kila saa ilipofanyiwa matengenezo, karakana iligonga mgongoni herufi FG na tarehe: mwisho wa dhamana ya kazi hiyo. Ikirudi, tarehe nyingine chini yake. Kuna migongo yenye tarehe tano, sita, zimepangana kama mihuri kwenye pasipoti. Saa imebeba shajara yake yenyewe. Wauzaji wengine wanazisugua zing'ae! Mtu unasugua ushahidi ili uuze mng'ao.

Bei zake lakini. Tuyaache.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ndefu. Nimeivunja yote.

Kwanza nililegeza springi kuu, maana ukifungua daraja springi ikiwa imejaa, magurudumu yanakimbia yenyewe na meno yanakatika. Hilo nililiona Ngamiani nikiwa na miaka tisa, sauti yake kama mtu anachana khanga, sijalisahau.

Nieleze kipande kimoja tu, kwa sababu nilikishika muda mrefu kuliko inavyofaa. Katikati ya kronografu, kwenye mhimili wa mshale mrefu, kuna kibati kidogo chenye umbo la moyo. Moyo kabisa, wenye bonde na ncha. Kuna nyundo inayokilenga. Ukibonyeza kitufe cha kurudisha, nyundo inakipiga ule moyo, na popote ulipokuwa umefikia, kwenye sekunde ya 7 au ya 52, moyo unateleza ubavuni mwa nyundo mpaka bonde lake likae sawasawa. Hapo ndipo sifuri. Hakuna hesabu inayofanyika, umbo ndilo linaloamua. Nimeubonyeza moyo ule kwa kijiti labda mara ishirini, nikiuona unarudi nyumbani.

Grisi imetolewa yote kwa benzini. Gurudumu dogo la kati, lile linalosukuma kisaa cha dakika jino moja kila mzunguko, lilikuwa limeganda kama ndizi iliyowiva kupita. Sasa linapepea ukilipuliza.

Na sasa msiba. Wakati wa kung'oa mishale, ile mikubwa niliikinga uso kwa kipande cha mfuko wa plastiki, kama inavyotakiwa. Nilipofika kwenye mshale mdogo wa sekunde, ule wa kisaa cha kushoto, nikaona uvivu. Mshale mmoja tu. Kikwanyulio kikateleza. Kuna mkwaruzo wa milimita mbili kwenye rangi nyeusi, juu kidogo ya mahali pa namba tisa, unang'aa kama utando wa konokono.

Rangi ile ilidumu nusu karne na mikono ya mafundi watatu. Mimi nimeiwahi kwa dakika nne.

Jumapili, 13 Aprili

Nimelala vibaya. Saa iko kwenye vikombe.

Jumapili, 4 Mei

Imeunganishwa. Mashine ya kusikilizia kabla ya matengenezo ilikuwa ikisema sekunde 38 mbele kwa siku na mizani, lile gurudumu linalobembea kwenda na kurudi, ikizungukia nyuzi 195 tu. Leo: sekunde 6 mbele uso ukiwa juu, sekunde 11 kichwa kikiwa chini, mizani nyuzi 265. Haichechemei tena. Nilimwekea mjomba simu karibu, akasikiliza, akasema “mh”, na kwa mjomba “mh” ni cheti.

Kisaa cha dakika kinaruka kila mzunguko. Nimekaa nacho dakika 30 nzima na kikombe cha chai, nikihesabu. Kimeruka mara thelathini. Mshale mrefu ulikuwa unarudi sekunde moja baada ya kumi na mbili. Nikauondoa, nikaacha nyundo imekandamiza moyo, nikaupachika upya sawa kabisa na alama. Safari hii plastiki ilikuwepo.

Usiku haiwaki. Usoni kuna herufi T ndani ya duara, maana yake rangi ya kung'aa ilikuwa na tritiamu, na tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na miezi michache. Miaka hamsini ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu. Imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Kuna watu wanakwangua na kupaka rangi mpya. Mimi sipaki. Na kwa wenye saa za zamani zaidi, za miaka ya 1940, nawaomba msikwangue kabisa: zile ni za radiamu, ambayo nusu yake inachukua miaka 1,600, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki.

Jumamosi, 24 Mei

Nimepata ujumbe kutoka kwa mkusanyaji wa huku Uingereza. Ana mgongo wa CWC, mtupu, wa mwaka 1974, anauza pauni 180. Nikiuweka, saa yangu itakuwa “sahihi” na thamani itapanda labda mara mbili ya hiyo pesa. Mgongo wa Hamilton naweza kuuza.

Nimekaa na ujumbe huo siku tatu. Pesa naihitaji, Newmark haitajinunua.

Jana usiku nikafungua picha za Februari nikitafuta kitu kingine kabisa, nikaiona picha namba 4, ile ya lami. Nikaikuza. Mpira ulipoyeyuka ulikatika katikati wakati nilipofungua: kipande kilichobaki kwenye mgongo kina mwanya, na pale pale kwenye bodi kuna kinundu kinachojaza ule mwanya. Niligeuza picha moja, nikaiweka juu ya nyingine kwenye simu. Zinakaa kama mkate uliomegwa.

Mpira haugandi hivyo kwa mwaka mmoja. Mgongo huu na mwili huu walikuwa pamoja miaka mingi, muda mrefu kabla ya mtu wa soksi. Inawezekana ni karakana ya jeshi: migongo ishirini kwenye trei, fundi anachukua ulio karibu, saa inatakiwa kesho asubuhi. Inawezekana ni dukani baada ya jeshi. Lami haisemi. Ila mimi nilikuwa tayari kuwaachanisha kwa pauni 180 na kuandika kwenye tangazo kwamba hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Nimemjibu asante, siuhitaji. Nimechapisha picha namba 4, nimeikunja, iko kwenye kiboksi chake.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya tatu ya Idi. Nimempigia mjomba kumpa mkono wa Idi. Baada ya salamu na habari za watoto na bei ya mbuzi, akauliza saa ya tumbo inaendeleaje. Nikamwambia sekunde 7 kwa siku mkononi, nimeivaa kazini wiki tatu, naipimia dakika za kupakia malori.

“Umeandika humo ndani?”

Nikasema mjomba, wakusanyaji hawapendi. Saa ya kijeshi haiguswi, kila mkwaruzo unashusha bei.

“Kwani wale watatu walikuwa wakusanyaji?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea: “Na ule mkwaruzo ulioufanya usoni, atakayeifungua baada yako atajuaje ni wa nani? Atawasingizia wenzako.”

Baada ya simu nilifungua mgongo, mpira mpya wa mwezi mmoja ukatoka laini. Sindano ya cherehani ya mke wangu, lenzi jichoni, mkono umeegemezwa kitabu. Chini ya 3/91, herufi ndogo kadiri nilivyoweza: 5/25, na mstari mfupi wenye mwelekeo uleule wa mkwaruzo wa usoni. Tano imekaa upande, inafanana na S.

Kuna Newmark itapigwa mnada mwishoni mwa mwezi. Nimeshaomba picha ya mgongo, na ya ndani ya mgongo.